Fyuzi Haina Miguu

Kwa miaka ishirini na sita mama mkwe wa Mwalimu aliendesha gari la wagonjwa. Wenzake kazini walimwita Bi Honi, maana hakuwa na subira na mtu anayesinzia katikati ya barabara. Alipostaafu, macho yakaanza kufunga ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, kulia na kushoto, na dawa yake ni upasuaji tu. Basi akahamia kwa binti yake, na mkwe aliyekuwa akimwona mara moja kwa mwaka akawa anamsikia asubuhi na jioni.

Hawakugombana. Walistahiana tu, mpaka heshima yenyewe ikawa ukuta. Mwalimu hakuingia sebuleni bila kukohoa kwanza mlangoni, na Bi Honi akisikia kikohozi alivuta nguo magotini na kukaa wima. Salamu, mvua au jua, basi. Tena Mwalimu alijua kwamba kabla ya ndoa mama huyu alimwambia binti yake, "Mtu mzuri, lakini mikono yake ni ya chaki. Hata balbu ya chooni hawezi kubadilisha." Mkewe alimsimulia hayo kwa kicheko, naye akacheka, ila maneno yalimkaa.

Upasuaji wa jicho la kwanza ulipangwa Jumatatu. Walitakiwa wafike hospitali saa kumi na mbili asubuhi, na kwa umbali ule ilibidi kuondoka saa kumi na moja, kabla hakujapambazuka. Mkewe ni mwokaji mikate. Saa hizo mikono yake huwa imo kwenye unga. Udereva ukamwangukia Mwalimu. Leseni alikuwa nayo, ujasiri ndio wa kutafuta.

Jumapili mchana, mkewe akiwa kazini, Mwalimu akatoka uani kulikagua gari. Maji yapo, oili ipo, matairi yana upepo. Akawasha taa, akazunguka mbele kutazama. Taa kubwa zote mbili zimezima. Akajaribu za mbali, vilevile. Akawasha indiketa ya kulia, ikaanza kulia tiki-tiki-tiki-tiki, mbio mbio kama cherehani.

Bi Honi alikuwa kwenye kiti cha plastiki, kivulini karibu na mlango wa jikoni.

"Kuna nini?" akauliza.

"Taa za mbele haziwaki, Mama. Na indiketa imeingia wazimu."

"Basi," akasema, upesi mno. "Hatuwezi kusafiri hivyo. Tuwapigie simu tuahirishe."

"Nitazitengeneza."

"Wewe?"

"Mimi, Mama."

Akaenda duka la vipuri pale kona, akarudi na balbu za kila aina aliyoweza kuitaja. Alipoiwasha indiketa tena, Bi Honi akainamisha kichwa kusikiliza. Hakutaka kusema, lakini mazoea yana taabu.

"Hiyo haina wazimu," akasema. "Ikilia haraka hivyo, balbu moja ya upande huo imekufa, iliyobaki inahangaika peke yake. Ya nyuma inawaka?"

"Inawaka."

"Basi ni ya mbele. Fungua boneti. Nyuma ya taa kuna kishikio cha plastiki, kidogo kama kizibo cha chupa. Kizungushe robo kwenda kushoto. Usikivute! Nimesema usikivute."

"Umejuaje kama navuta?"

"Nimeisikia plastiki inalia."

Akakizungusha, kikatoka na balbu yake. Akaibonyeza balbu ndani kidogo kama alivyoagizwa, akaigeuza, ikamwangukia kiganjani, kioo cheusi kama masizi ya sufuria. Akampelekea. Bi Honi akaitikisa sikioni, uzi uliokatika ukacheza ndani.

"Marehemu," akatangaza.

Balbu mpya ilipoingia, mlio ukatulia: tik, tik, tik, kama mtu anayetembea bila haraka. Mwalimu nusura acheze. Bi Honi akatabasamu mpaka meno yakaonekana, jambo ambalo Mwalimu hakuwahi kulishuhudia.

"Sasa taa kubwa," akasema Mwalimu.

Tabasamu likaondoka. "Hizo ngumu. Ziache."

Mwalimu hakuziacha. Akachomoa soketi ya waya, akabandua mpira wa kuzuia maji, akafungua kibanio. Alipoanza kuchana boksi la balbu mpya, sauti ikatoka kivulini kama honi kweli:

"Usishike kioo! Vidole vina mafuta. Ikipata moto itaharibika. Shika kwenye chuma, au tumia kitambaa safi."

Kisha akauma mdomo, kama mtu aliyesema kuliko alivyokusudia.

Mwalimu akaifunga balbu kwa leso yake. Akawasha. Kimya. Akaichukua ile ya zamani, akaiinua juani. Uzi wake ulikuwa mzima. Akakaa kwenye bampa na kufikiri kama anayefundisha hesabu.

"Mama, balbu ya zamani haina kosa. Na hata mapacha hawaugui siku moja. Shida lazima iwe pale zinapokula chungu kimoja."

Bi Honi akavuta nguo magotini.

Kando ya betri palikuwa na kijisanduku cheusi cha fyuzi, mchoro wake chini ya kifuniko. Mwalimu akapita mstari kwa mstari kama anayeita majina darasani: feni yupo, honi yupo, waipa yupo. Taa kubwa? Hayupo. Tundu lilikuwa tupu. Halikuungua, halikuyeyuka. Na kwenye vumbi la pembeni kulikuwa na alama ya kidole kimoja, mbichi.

Fyuzi huungua, lakini haina miguu. Mwalimu akakumbuka jana yake jioni, alipokuwa akisahihisha madaftari, alisikia boneti ikishushwa taratibu. Alidhani ni ya jirani.

Hakukasirika. Miaka kumi na minane darasani ilimfundisha kwamba mtoto anayeficha daftari siku ya mtihani si mwizi. Kwa watoto wa namna hiyo alikuwa na dawa yake: hugeuka kuandika ubaoni, aandike polepole, na akigeuka tena daftari liko mezani.

"Mama, naingia kuchemsha chai," akasema. "Nitakawia kidogo. Boneti naiacha wazi."

Jikoni akaosha vikombe vilivyokuwa safi. Aliporudi, Bi Honi alikuwa palepale, kiganja kimefunguka gotini, na juu yake fyuzi ndogo ya buluu.

"Usinifanye mtoto wa darasa la pili," akasema. "Hila yako nimeisikia. Na pa kuirudisha napajua hata nikifumba macho. Nimeona heri nikupe mkononi."

Mwalimu akaweka vikombe chini, akachuchumaa mbele yake.

"Mkwe, watu wangapi nimewafikisha kwenye ule mlango wa hospitali? Nawashusha, nageuza gari, narudi. Sijawahi kuwa wa kuingia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Huu ukungu nimeshauzoea. Dirisha naliona liko wapi. Na wewe nakuona, kitu kirefu kinapita kinakohoa. Kisu kikiteleza je? Hata hicho kidogo kitakwenda."

Mwalimu alikuwa na maneno tayari, kwamba daktari ni bingwa, kwamba wengi wamepona. Akayameza.

"Wagonjwa wako, Mama, ulikuwa unawaambia nini njiani?"

Bi Honi akafikiri. "Mtu aliyelala chali nyuma haoni aendako. Hilo humtisha kuliko maumivu. Kwa hiyo nilikuwa nawapigia kelele: sasa tunakata kushoto, sasa kuna tuta, shika, sasa bado mtaa mmoja. Basi. Sikuwa na dawa nyingine."

"Kesho nitakuambia hivyohivyo. Na sitaishia mlangoni. Mimi sigeuzi gari."

Bi Honi akajifuta macho kwa ukingo wa nguo, akapapasa kikombe, akanywa.

"Chai haina sukari."

"Nimesahau, Mama."

"Weka fyuzi, basi, kabla sijabadili mawazo."

Mwalimu akaisukuma tunduni mpaka ikaingia vizuri. Akawasha. Kwenye jua lile mwanga haukuonekana sana, ila Bi Honi akainuka, akafuata ubavu wa gari kwa mkono, akaweka kiganja kwenye kioo cha taa na kungoja.

"Inapata moto," akasema. Akahamia ya pili. "Na hii pia. Mwalimu, umebadilisha balbu."

"Hata ya chooni naweza, Mama."

Akashtuka. Kisha akacheka, akacheka mpaka akaegemea boneti. "Nani kakuambia? Mtoto yule hana kifua kabisa!"

Jioni mkewe aliporudi, akauliza kama gari liko tayari. "Tayari," wakajibu wote wawili kwa pamoja. Akawatazama kwa zamu, akangoja waongeze neno. Hawakuongeza.

Asubuhi Mwalimu aliendesha na kusema, akasema na kuendesha. Sasa tunatoka getini. Sasa kulia. Kuna mtu na baiskeli, tunampisha. Gari likaruka ghafla.

"Hilo tuta hukulitaja," akasema Bi Honi.

"Samahani, Mama. Hata mimi limenishtukiza."

Hospitalini muuguzi akauliza, "Umekuja na nani, mama?"

"Na dereva wangu. Anaendesha kama amebeba mayai."

Mwalimu akamshika mkono hadi mahali pa kuvulia viatu. Hapo akazuiwa, kwa hiyo akaendelea kusema kutoka kizingitini, bila kujali waliomtazama: "Hatua tatu mbele, Mama. Kitanda kiko mkono wa kulia. Kimetandikwa shuka la kijani." Muuguzi alipovuta pazia bado alikuwa anasema.

Kesho yake bandeji ikatolewa. Bi Honi akaangalia ukuta, akaangalia kikombe, kisha akamwangalia binti yake, aliyetoka kazini mbio mbio, akamwangalia muda mrefu.

"Una unga kwenye nyusi," akasema.

Binti akaangua kilio, na Mwalimu akageuka upande wa dirisha, akajifanya anatafuta gari lao kule nje.

Jicho la pili lilipasuliwa baada ya miezi miwili. Asubuhi hiyo Mwalimu alitoka na funguo mkononi, akamkuta mama mkwe wake ameshakaa kiti cha mbele, amefunga mkanda, anamuuliza anangoja nini.