Jina la Odessa kwenye Fomu

Sikuwahi kumpenda Odessa, na sioni haya kusema. Ndiye mke wa kwanza wa mume wangu, Cleophus. Walipoachana hakimu aliandika kwamba Odessa achukue nyumba, Cleophus abaki na pensheni yake ya jiji, na asiwepo wa kumdai mwenzake. Karatasi hiyo nimeiweka ndani ya Biblia miaka ishirini na mmoja.

Novemba iliyopita daktari akatuambia mapafu ya Cleophus yamefika mwisho. Miaka thelathini alining'inia nyuma ya lori la taka, moshi wote ukimwingia yeye. Daktari alitupa miezi, si miaka. Nilipomaliza kulia nikapiga simu ofisi ya pensheni kuuliza mjane anatakiwa kupeleka karatasi gani. Mimi sina pensheni yangu. Maisha yangu yote nimesuka nywele za watu jikoni kwangu, na sasa vidole vimekaza. Kodi ya nyumba ni hundi ya Cleophus inayolipa.

Msichana wa simu akabonyezabonyeza mashine yake. "Atakayelipwa ni Odessa," akasema.

"Odessa ni mtalaka. Mke ni mimi."

"Sawa mama, lakini hapa ameandikwa Odessa."

Nikaenda sebuleni nimevimba. Cleophus alikuwa na mrija wa oksijeni puani, anatazama mpira wa vikapu.

"Cleo, siku ya kustaafu ulimwandika nani kwenye fomu?"

Akafikiri weee, kisha akafumba macho. Pale gereji ya malori, mtu akistaafu wenzake humsindikiza ofisini kwa kelele wakiwa na makoti yao ya kazi. Anasaini, na hundi yake ya kwanza ikija, wanaivunja iwe pesa wote pamoja kwenye baa, mstaafu akiwanunulia kambare wa kukaanga na bia. Yeye alistaafu talaka ikiwa bado mahakamani. Fomu iliuliza jina la mke, naye akaandika la mke aliyekuwa naye.

"Nilijua hakimu akishakata kamba, zote zimekatika," akasema. "Na jamaa walikuwa wananihimiza. Wana njaa."

Kumbe kanuni ya mfuko wa pensheni inasema hundi ya kwanza ikishavunjwa, jina halibadiliki tena. Na miaka yote hiyo walikuwa wakimkata kidogo kila mwezi, ili akitangulia yeye, Odessa aendelee kulipwa.

"Mpumbavu wewe," nikamwambia, halafu nikamfuta jasho, maana alishaanza kukohoa.

Nikameza kiburi, nikampigia Odessa kumweleza. Nilitegemea matusi. Alicheka.

"Mume umeninyang'anya, sasa unautaka na ujane wangu?"

"Sikukunyang'anya. Ulikuwa umeshamtupa."

"Hilo kweli. Bado anakoroma?"

"Kuliko lori lake."

"Hela zile zimetoka mapafuni mwake, Arvella, na anayeyauguza ni wewe. Waombe watu wa mfuko watusikilize, uniambie siku, nitakuja niwaambie."

Akaja kweli, na kofia yake ya zambarau ya kanisani. Cleophus tulimwacha na jirani. Wadhamini wa mfuko walikuwa saba kwenye meza ndefu, na mmoja wao ni Lucius, aliyepanda lori moja na Cleophus miaka kumi na mmoja. Wafanyakazi ndio waliomchagua akae pale awatetee. Kila msemaji alipewa dakika tatu. Odessa hakuzimaliza.

"Mimi ndiye Odessa mnayemwandika. Sina mume hapa, mkewe ni huyu. Futeni jina langu, andikeni lake, tuende nyumbani."

Mwanasheria wa mfuko, mama mmoja mpole mwenye miwani, akainama kwenye kipaza sauti. "Una haki ya kukataa kupokea, Bi Odessa. Lakini ukikataa, pesa zinabaki kwenye mfuko. Haziendi kwa Bi Arvella."

"Na karatasi ya hakimu je?" nikauliza, nikaiinua.

"Hakimu aliamua kati ya mumeo na Bi Odessa. Mfuko haukuwa kwenye kesi ile. Pensheni ilipigiwa hesabu kwa umri wa Bi Odessa, na tukimbadilishia mmoja itabidi tuwabadilishie wote."

"Wanasema sheria ni msumeno, unakata mbele na nyuma," Odessa akasema. "Huu wenu mbona unamkata huyu tu?"

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akasema wanasikitika sana, na niliona kabisa kwamba anasikitika. Hicho ndicho kilichonimaliza nguvu. Wangekuwa makatili ningejua wa kumchukia. Wakapiga kura ya kukataa, mikono saba ikapanda, na wa Lucius ukiwemo.

Alinifuata kwenye korido. "Shemeji, ningefanyaje? Ingekuwa sita kwa mmoja tu."

"Huyo mmoja ndiye niliyemtaka, Lucius."

Akageuka, akarudi ukumbini.

Nje, kwenye ngazi za jengo, theluji ilikuwa imeanza. Odessa akanishika mkono. "Sikiliza. Kila mwezi zikiingia nitakuletea zote. Mungu ananisikia."

Nikalia palepale mbele za watu, nikamkumbatia. Ndani ya koti lake hakukuwa na mtu, ni mifupa tu.

"Na ukifa je?" Neno lilinitoka kabla sijalifikiria.

"Nikifa zinakufa na mimi. Ndivyo alivyoniambia yule wa miwani."

"Kwani una miaka mingapi?"

"Mwezi wa tatu natimiza sabini na nane."

Tulishuka ngazi tatu, akasimama. Alishika chuma cha ngazi kwa mikono yote miwili, akawa anahema, midomo imegeuka rangi.

"Moyo huo," akasema alipoweza. "Usiogope. Kuna dawa nilipewa. Nameza leo, kesho naacha, ili zifike mwisho wa mwezi."

Cleophus nilikuwa nimeshamkabidhi kwa Mungu. Sasa nilisimama kwenye baridi nikihesabu pumzi za Odessa, nikimwomba Mungu huyohuyo asimguse, na sikujua kama namhurumia au naihurumia kodi ya nyumba yangu. Pengine vyote viwili.

"Bi Odessa, tafadhali, meza kila siku. Usiruke hata moja, unanisikia?"

"Nakusikia," akasema. "Kwa hela gani?"

Nikafungua pochi mbele yake. Ilikuwa na nauli ya basi tu, yangu na yake.