Siku Isiyo na Upepo

Katika ukoo ule hakuna aliyethubutu kupanga harusi, kumwaga zege wala kuanika chochote cha maana bila kwanza kumuuliza Mama Hewa. Jina hilo lilitokana na kazi yake. Alikuwa mpimaji katika kituo cha hali ya hewa, yule anayesoma vipimajoto asubuhi, anayerusha puto, na anayebadilisha vichujio vya kile kifaa kinachovuta hewa kutwa nzima ili ijulikane imebeba uchafu gani. Akisema mvua, watu walitoa ndoo. Akisema jua, walitoa magodoro. Kwa hiyo shemeji yake alipokuja kumwomba amchagulie siku ya harusi ya binti yake, hakuna aliyeshangaa isipokuwa Mama Hewa mwenyewe, na ilibidi ajishike asicheke.

Maana mtu huyu alikuwa amemuulia mume.

Hakumuua kwa panga. Angetumia panga angefungwa, na Mama Hewa angepata usingizi. Alimuua kwa tanuru la matofali lililokuwa nyuma ya ua wa nyumba yake. Wenzake walichoma kwa kuni kavu. Yeye, kwa kupenda vya bure, alichoma kwa matairi chakavu na oili chafu ya magari. Upepo wa kule kwa kawaida huvuma kuelekea bondeni. Moshi ulipanda kidogo, ukamruka mwenyewe na familia yake, ukaenda kushukia nyumba za chini, ikiwemo ya mdogo wake wa damu, fundi seremala aliyekuwa na tabia ya kupiga mluzi huku anapiga randa. Kwanza mluzi ulianza kukatika katikati ya wimbo. Kisha ukaisha kabisa. Kisha fundi akawa analala ameketi, na kila asubuhi mkewe anakung'uta masizi kwenye foronya.

Siku ile ya mwisho Mama Hewa alikimbilia tanurini miguu mitupu.

"Shemeji, zima. Leo tu, apumue."

"Tanuru likishawashwa halizimwi, shemeji," alijibiwa. "Likizimwa, matofali yote yanapasuka. Siyo kwamba sitaki. Haiwezekani."

Tena alilisema kwa upole, kama daktari. Mazishini alilia kumshinda mjane, akagharamia kila kitu, na akahakikisha kila mtu amelijua hilo.

Lililomchoma mjane zaidi lilikuja baadaye. Shemeji alisikia redioni kwamba chembe za moshi zikitanda angani huzuia sehemu ya mwanga wa jua, na dunia huku chini hupoa kidogo. Basi hapo akapata wimbo. "Mnanilaumu bure," alisema kila palipokusanyika watu, meno nje. "Dunia inaungua, mimi nawapa kivuli!" Watu wakacheka, wakamwita Bwana Kivuli, naye akalipenda jina.

Mama Hewa alijua nusu ya pili ya habari hiyo, ile ambayo mwenzake hakungoja kuisikia. Chembe nyeupe hurudisha jua juu, ndiyo, lakini masizi meusi hunywa joto lake. Hewa ya juu inapashwa moto, ardhi iliyo chini ya kile kivuli inabaki baridi, na hewa baridi haina nguvu ya kupanda. Inakuwa sufuria iliyofunikwa. Hata mawingu yaliyojaa chembe hizo huchelewa kunyesha. Aliyaona haya kwenye vipimo vyake mwaka hata mwaka: asubuhi za msimu wa baridi zilizidi kuwa nzito, jua linatoka limepauka, na vichujio vinatoka vyeusi tii. Hakubishana naye. Alimeza, akaweka moyoni.

Na sasa huyo hapo sebuleni, amekuja na mkoba wa matunda kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Nataka siku isiyo na hata tone la mvua, shemeji. Wakwe wanatoka mbali. Shughuli ni asubuhi, uani kwangu, mahema meupe, viti vyeupe. Usiniangushe."

"Mvua tu?"

"Mvua tu. Kwani kuna nini kingine?"

Mama Hewa akamchagulia siku katikati ya msimu wa baridi, wakati upepo wa asubuhi unapolala na mfuniko ule wa hewa ya moto unaposhuka chini kabisa. "Siku hiyo haitanyesha," alimwambia, na ulikuwa ukweli mtupu. Alijua pia kwamba huo ndio msimu wa oda kubwa za matofali, na kwamba mtu yule asingeacha tanuru baridi hata kwa mazishi ya mdogo wake, seuze harusi. Alipofunga mlango alicheka peke yake mpaka akaona haya. Moshi wake atauvuta mwenyewe. Atauvuta mbele za watu, kwenye suti yake.

Kadi zilikuwa zimeshasambazwa bibi harusi alipokuja kumwonyesha viatu. Binti huyu ndiye pekee wa nyumba ile aliyekuwa akishuka bondeni kusaidia kumuuguza fundi. Alimlisha, akampepea, akalala kwenye mkeka kando ya kitanda chake. Mama Hewa hakubahatika kuzaa, na moyoni alimhesabu kuwa wake. Alipofungua mkoba kutoa viatu, kikatoka na kipampu kidogo cha pumu.

"Hiki cha nani?"

"Changu, mama mdogo. Usimwambie baba. Wakwe wakisikia wataanza maneno. Kifua kinanibana tangu kule kwenu, wakati wa baba mdogo."

Neno lilimfika Mama Hewa kwenye ulimi kabisa: mwanangu, badilisheni siku. Lakini akilini akamwona marehemu mumewe, amelala ameketi vilevile, na neno likarudi tumboni.

"Hicho kipampu siku ya harusi usikiache chumbani," ndilo alilolisema.

Mkesha wa harusi, mchana, puto lilileta vipimo alivyovitarajia, tena vibaya zaidi. Roho ikamsuta, akapanda tanurini. Moto ulikuwa unanguruma, vijana wanatupa matairi.

"Shemeji, kesho moshi hautapanda. Utakaa humu humu uani. Zima, au angalau acha hayo matairi."

"Si ulisema ni siku nzuri?"

"Nilisema haitanyesha."

Bwana Kivuli akacheka mpaka tumbo likamtikisika. "Basi wageni watapata kivuli! Halafu nilishakwambia, shemeji, hili halizimwi."

Lilibaki neno moja tu la kumwambia, kwamba mwanao ana pumu, na mtu yule angeshtuka. Hakulisema. Alisikia "halizimwi" kwa mara ya pili maishani mwake. Akageuka, akaenda zake. Anayetaka kumtetea hapo na amtetee.

Asubuhi iliamka kimya, hakuna jani lililotikisika. Wageni walikuwa wameshakaa vijana walipotupa matairi ya asubuhi, na moshi mzito ukatoka tanurini, ukainuka kimo cha mahema, ukasita, ukalala. Mahema yakageuka rangi ya kijivu. Mshereheshaji alikohoa kwenye kipaza sauti mpaka spika zikapiga kelele. Keki ikapata madoa. Mama wa bwana harusi alijifuta uso kwa kitambaa cheupe, akakitazama kitambaa, kisha akamtazama Bwana Kivuli kwa muda mrefu bila kufumba macho. Bwana Kivuli alikuwa anazunguka huku na huko, jasho na masizi vinamtiririka shingoni, anaomba radhi kwa kila kiti.

Mama Hewa, mstari wa mbele, alihisi moyo wake unacheza ngoma.

"Kivuli kimewatosha wageni, shemeji?" aliuliza, kwa sauti ya kusikika.

Wapo waliocheka. Kicheko hakijaisha, bibi harusi akateleza kutoka kwenye kiti. Kipampu alikuwa nacho mkononi, amekibonyeza mpaka kimeisha. Midomo ilikuwa imegeuka rangi.

Mama Hewa ndiye aliyefika kwanza. "Mpandisheni kilimani!" alimpigia kelele bwana harusi. "Juu, juu kabisa, hewa iko juu! Kisha hospitali!" Gari likaondoka limefungua milango. Nyuma yao Bwana Kivuli alikuwa ameshashika bomba la maji.

"Bosi, matofali!" kijana mmoja alilia.

"Yapasuke!"

Akamwaga. Mvuke ukaruka, matofali yakaanza kupasuka moja baada ya jingine, vijana wakaleta bomba la pili. Haukupita hata muda wa kuchemsha chai, tanuru likawa rundo jeusi linalotoa maji. Bwana Kivuli alisimama katikati, suti imemganda mwilini.

"Umefurahi?" alimuuliza Mama Hewa.

"Kumbe linazimika."

Bwana Kivuli akalitupa bomba chini.

"Shemeji, kumbe linazimika!"

"Ni mwanangu," alisema.

"Na yule alikuwa nani wako?"

Bwana Kivuli akakaa chini kwenye maji machafu, akalia, safari hii bila kutazama nani anamwona. Mama Hewa aliyangoja machozi hayo kwa miaka, na sasa yalimpita tu. Alichokuwa anakiona ni mabomba mawili ya maji, na mume wake ameketi kitandani anaitafuta pumzi.

Jioni simu ikalia. Binti alikuwa ameponea kule juu kilimani, hospitali wamemlaza wamwangalie. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini pumzi ilikuwa inakwenda.

"Mama mdogo, ulijua leo itakuwa hivi?"

Angeweza kudanganya. "Nilijua."

"Ukajua na kifua changu."

"Nilijua, mwanangu. Nilimwambia baba yako azime, akakataa. Kama alivyokataa siku ile."

"Mimi sikuulizi habari za baba," binti alisema. "Mimi nilikuja kwako, ukakishika kipampu changu mkononi."

Simu ikakatika.

Tanuru halikuwashwa tena. Vichujio siku hizi vinatoka vyeupe karibu kama vilivyoingia, na Mama Hewa huvipima, huviandika, huvitunza. Binti amejifungua mtoto wa kiume. Mama Hewa alipata habari hizo kwa jirani.