Sakafu ya Mama Mwendwa

Watu wa Katelembo wakitaka kumsifu Wayua hawaanzi na upishi wake, wala shamba lake, wala sauti yake ya kwaya. Wanaanza na sakafu. Sebule yake ina saruji nyekundu ya kizamani, na kila Jumamosi yeye hupiga magoti akaipaka polishi, akaingoja ikauke, kisha akaisugua kwa kipande cha blanketi kuukuu mpaka ukiinama unahesabu meno yako. Kina mama wa chama wakija huvua viatu mlangoni bila kuambiwa. "Aiya, Mama Mwendwa, sasa hapa tukanyage wapi?" Naye huwaambia waingie tu, hiyo si kioo. Moyoni anafurahi, tena sana, na nani wa kumlaumu? Kila mtu ana kitu chake cha kuringia majirani.

Mtu mmoja tu alikuwa haingii sebuleni humo, naye ni mumewe.

Aloys alipigwa na kiharusi mwaka juzi. Mungu akamwachia uhai, akamwachia na mguu mmoja mzito. Tangu atoke hospitali alihamia jikoni, kile kibanda cha nje. Alikula huko, akasikiliza redio huko, na usiku ukiingia alizunguka nyuma ya nyumba akaingia chumbani kwa mlango mdogo, ambako sakafu ni saruji tupu. Kiti chake cha mbao chenye mikono kilibaki sebuleni kimefunikwa kitambaa cheupe. Wayua alimbembeleza, akanuna, akamtuma hata katekista. Jibu lilikuwa lile lile: "Huku jikoni kuna joto." Haya, Julai tutakubali. Lakini hata Februari, jua likipasua mawe, mzee mzima alikuwa bado anafuata joto jikoni!

Wayua akaamua kwamba amechokwa. Hakumwambia mtu, ila lilimuuma. Tangu waoane walikuwa wakinywa chai ya jioni kwenye meza moja, wakiteta majirani kwa sauti ya chini, na binti yao Mwendwa alikua akiyasikia hayo mateto. Sasa alikunywa peke yake, na kile kiti kikiwa mbele yake. Hakutaka utajiri wala safari ya Mombasa. Alitaka Aloys arudi kwenye kiti chake, basi.

Ndipo kazi ya Hafso ilipokuja. Hafso ni Msomali, mfanyabiashara wa ng'ombe, mjane, mtu wa Machakos mjini tangu babu yake. Alizoea kununua madume kwenye ranchi za Konza na kuyauza Nairobi, lakini mwaka huu alinunua kiwanja kando ya barabara pale Katelembo akajenga uwanja wa maji wa watoto. Si bwawa la kuogelea, la. Maji yanaruka kutoka sakafuni, yananyunyiza kutoka kwenye matao ya chuma, na juu kuna ndoo kubwa inayojaa polepole halafu inapinduka, na watoto wanapiga kelele. Maji hayatuami. Yanateremka kwenye mifereji, yanasafishwa, yanarudi tena.

Aliyeujenga ni Guled, mtoto wa kaka yake, kijana aliyesomea kazi hiyo na mwenye wasiwasi wa bibi kizee. Kila tundu la maji alililaza sawasawa na sakafu ili kidole cha mtoto kisijikwae. Nguzo alizivalisha mpira. Pembe kali alizikata zote. "Mtoto ataanguka, hiyo haina mjadala," alipenda kusema. "Yetu ni aanguke mara chache, na akianguka asiumie." Na sakafu yenyewe aliimwaga kwa chembe za mpira zilizoshikanishwa na gundi, buluu na kijani.

Wayua aliajiriwa kufanya usafi, akapapenda mahali pale mara moja. Ila ile sakafu! Alipoiona mara ya kwanza alimhurumia Hafso. Imefubaa, ina vitobo na vinundu, na ukipitisha kiganja inakukwaruza kama kisigino kisichojua mafuta. Mwanamke wa watu ametumia mali yake yote hii, akajiambia, halafu mafundi wamemwachia kazi nusu.

Uwanja ulikuwa ufunguliwe Jumamosi. Jumatano Hafso alikuja, akashika kiuno, akatazama huku na huku.

"Mama Mwendwa, Jumamosi niko na wageni. Watoto wa madrasa wanakuja, wa kanisa lenu wanakuja, na wazazi na masimu yao ya kupiga picha. Nataka hapa pang'are."

"Patang'ara, mama. Hiyo niachie mimi."

Hafso akaenda zake. Guled alikuwa mjini kutafuta kifaa cha pampu. Wahenga walisema asiyeuliza hana ajifunzalo, lakini tuseme ukweli, mambo ya kung'arisha sakafu Wayua angemwuliza nani? Alikwenda nyumbani, akachukua makopo yake ya polishi isiyo na rangi, yale anayoyaweka kwa ajili ya Krismasi, akarudi na kipande cha blanketi, akapiga magoti. Mpira ulikunywa polishi kwa tamaa ya ajabu. Alipaka, akakandamiza, akapaka tena. Makopo yalipoisha alikuwa amemaliza njia ya kuingilia na sehemu yote ya katikati, chini ya matao. Jua la jioni lilipopiga pale, rangi ya buluu ikawaka mpaka langoni. Wayua alisimama, mgongo unauma, akajipongeza kwa sauti.

Nyumbani Aloys alimnusa alipopita karibu na jiko.

"Leo ni Jumatano na wewe unanuka Jumamosi."

"Nimewaonyesha Wasomali kazi," Wayua akajibu, akaingia sebuleni kunywa chai yake peke yake.

Asubuhi Guled alifungua maji kufanya majaribio. Alikuwa na desturi ya kuvua viatu kabla ya kupima sakafu. Viatu vinadanganya, alisema. Alitembea kwa uhakika wa mtu anayeijua kazi ya mikono yake, na alipofika chini ya tao la kwanza miguu ikamtangulia. Alianguka chali, puu! Kiwiko kikachubuka, na kichwa kikapita karibu kabisa na chuma cha tao, hapo juu ambapo mpira wa kuvalisha ulikuwa umeishia.

Hafso, aliyekuwa anaingia langoni, alikimbia, pindo la buibui mkononi. "Subhanallah! Pole, pole. Amka. Kuteleza si kuanguka."

"Eedo, nimeteleza na nimeanguka," Guled akasema, akishika kiwiko. Eedo ni shangazi kwa Kisomali, na alilitamka kwa uchungu.

Hafso alikuwa amekwisha kutoa simu. "Nilijua tu! Hao watu wa mpira wametuuzia takataka. Nawapigia sasa hivi. Waje wang'oe, na Jumamosi hakuna kufungua."

Wayua alikuwa kando ya bomba, ufagio mkononi. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Hao wauzaji wa mpira hakuwahi hata kuwaona. Lakini alimtazama yule kijana anayejipangusa damu kwenye kiwiko, akashindwa.

"Mama, usipige," akasema. "Ni mimi. Nilipaka polishi."

"Ulipaka nini?"

"Polishi. Ile ya sakafu. Si ulisema pang'are?"

Hafso alifungua mdomo ili agombe, kicheko kikatoka badala yake. Wallahi alicheka, akashika nguzo, akajifuta machozi kwa ncha ya buibui. Halafu macho yake yakafika kwenye kile chuma ambacho kichwa cha Guled kilikikosa, na kicheko kikakatika.

"Na kama angekuwa mtoto?"

Wayua alimfikiria mjukuu wake Wendy, ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikisha jina kanisani.

Guled hakumkemea. Labda ingekuwa afadhali angemkemea. Alisema tu, "Mama Mwendwa, hiyo kukwaruza ndiyo tulinunua. Maji yanaingia kwenye vitobo, mguu unashika vinundu. Wewe umeziba vitobo vyote. Vua viatu, uje usimame hapa."

"Mimi? Mtu mzima?"

"Njoo, nitakushika."

Wayua alivua viatu. Ni jambo la kushangaza, lakini miaka yote ile hakuwahi kukanyaga kazi yake kwa miguu yenye maji. Nyumbani kwake watu huingia wakiwa wakavu, tena kwa soksi. Aliweka mguu mmoja, ukaondoka bila kumwuliza. Akamkamata Guled kwa mkono huu na nguzo kwa mkono ule. Mwili wote ukakauka. Hakuthubutu kuinua mguu, akawa anauburuta, kidevu kifuani, macho chini.

Na akajua amewahi kumwona mtu akisimama hivyo.

Ilikuwa siku Aloys aliporudi kutoka hospitali. Wayua alikuwa amepiga polishi mara mbili kumkaribisha. Chai iko mezani, kitambaa cheupe kimefuliwa. Aloys alifika mlangoni, mkono mmoja ukashika fremu, akatanguliza mkongojo, na ncha ya mkongojo ikateleza kidogo tu kwenye ule wekundu. Akaurudisha. Akasimama pale, kidevu kifuani, muda mrefu. Kisha akasema, "Acha nikae jikoni kwanza. Huko kuna joto." Wayua alikuwa anamimina chai na alikasirika kwamba itapoa.

Machozi yalimtoka pale pale chini ya tao, mbele ya watu.

"Umeumia, mama?" Guled akauliza.

"Hapana. Washa jiko. Tunataka maji moto mengi."

Alipendekeza mafuta ya taa, maana ndiyo yanayotoa polishi haraka, na Guled akaruka: "Usithubutu! Yatakula gundi, tutabaki na chembe!" Basi ikawa maji moto, sabuni na brashi ngumu, siku ile na Ijumaa yake asubuhi. Hafso mwenyewe alifunga nguo kiunoni akapiga magoti, akisugua na kuwatukana ng'ombe wa zamani waliompa mali ya kuleta balaa hili. Guled naye aliongeza mpira kwenye matao mpaka juu kupita kimo cha mtu mzima, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimemfundisha kitu. Kabla ya swala ya Ijumaa alifungua maji, akakimbia, akasimama ghafla, akageuka. Miguu ilishika. Sakafu ilikuwa imefubaa vizuri sana.

Wayua alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Hafso hakulitaja hilo. "Mimi ndiye nilisema pang'are," alisema tu, akaenda kuswali. Wayua akamwomba Guled vile vipande vya mpira vilivyobaki, vya majaribio.

"Chukua vyote," Guled akasema. "Lakini nisisikie umevipaka kitu."

Jumamosi watoto walijaa. Wendy alianguka mara moja akikimbia ndoo isimpindukie, akatazama kama kuna aliyemwona, akainuka akaendelea. Wayua aliondoka mapema, akiwa na gunia mgongoni.

Jumamosi ni siku ya polishi. Aloys, kwenye kigoda chake jikoni, alingoja ile harufu, ikaja ya mafuta ya taa. Akasikia brashi ya waya ikikwangua. Akavumilia, kisha akajikokota hadi mlango wa sebule, akashika fremu.

Mkewe alikuwa chini, amezungukwa na povu jekundu. Nusu ya sakafu ilikuwa imebaki na mabaka ya kijivu.

"Mama Mwendwa, unafanya nini? Unaharibu!"

"Natoa polishi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unaogopa kuanguka." Alisema bila kugeuka. "Kwa nini hukuniambia, Aloys? Wakati wote huu! Mimi nilidhani umenichoka."

Aloys alitazama yale mabaka.

"Nilikuwa nasikia kutoka jikoni," akasema mwishowe. "Kina mama wakija wanakusifu hii sakafu, na wewe unacheka. Nilikuwa nasikia vile unacheka. Sasa ningekuambia nini?"

Wayua aliketi pale kwenye maji machafu, brashi mapajani, akalia kwa sauti bila aibu.

"Na nikuchoke," Aloys akaongeza, "chakula nipewe na nani?"

"Mpumbavu wewe," Wayua akasema, akacheka katikati ya kilio.

Alikausha, akamwaga gunia, akapanga vipande vya mpira kutoka mlangoni hadi kwenye kile kiti, kimoja buluu, kimoja kijani, kimoja cha rangi zote mbili. Havikulingana hata ukubwa. Aloys alitanguliza mkongojo, ukashika. Akaleta mguu mzito, nao ukashika. Alikuja polepole, na Wayua alikaza mikono yake nyuma asije akamshika kabla ya kuombwa. Alipofika alitoa kitambaa cheupe, akakitupa mezani, akaketi, akaitazama sebule yake.

"Imekuwa mbaya hii sakafu."

"Mbaya kabisa."

"Kina mama wa chama watasema."

"Waseme."

"Haya, basi leta chai."

Wayua alitoka mbio kwenda kuileta. Kule jikoni birika lilikuwa linachemka na redio inaongea yenyewe, na kwenye kigoda hapakuwa na mtu.