Ukuta Uliopakwa Ukiwa Mbichi

Mukagasana alimwita Usumani, fundi rangi wa Kicukiro, kwa sababu ukuta wa mbele wa nyumba yake pale Kagarama ulikuwa umetoka malengelenge kama ngozi iliyoungua. Rangi haikuwa imefikisha hata mwaka na nusu. Aliipaka mumewe, marehemu Damascène, kwa mikono yake mwenyewe, miezi miwili kabla ya kufa.

Usumani alipanda ngazi akakagua mifereji ya bati, mizima. Akainama kwenye msingi, pakavu. Kisha akapasua lengelenge moja kwa ncha ya kisu. Rangi ikabanduka kipande kizima, na nyuma yake plasta ilikuwa na unga mweupe.

"Chumvi," alisema. "Mama, maji hayakutoka juu wala chini. Yalikuwa ndani ya plasta yenyewe. Ilipigwa lini?"

"Aprili mwaka jana."

"Na mvua zote zile! Angengoja ikauke mpaka Julai. Alikuwa na haraka gani?"

Mukagasana aliutazama ukuta. Maneno yale yale alikuwa amemwambia Damascène, tena kwa ukali, majirani wakisikia: ngoja Julai, mbona umekuwa mbishi? Naye akacheka kidogo, brashi mkononi. "Julai ni mbali, mama Ingabire." Mukagasana alimnunia siku tatu.

Juni, Damascène akaanguka bafuni. Hospitalini wakasema ini limekwisha, na siku ya tisa akafariki. Mukagasana aliamini ugonjwa ulikuja ghafla. Sasa yakamrudia mengine: safari za Remera, kwenye kliniki nyingi, kila Jumanne, eti kumwona rafiki, mkanda wa suruali aliokuwa akiutoboa tundu jipya kila mara.

"Alikuwa anajua," alisema. "Usumani, alikuwa anajua."

Akaketi barazani akalia kwa sauti. Fundi aliweka kisu chini, akachuchumaa mbali kidogo, akangoja.

Alipotulia, Mukagasana aliuliza, "Haiwezekani kuiacha hii, ukapaka juu yake?"

"Nikisema inawezekana nitakuwa nakudanganya, mama. Itabanduka pamoja na ile mpya. Lazima tukwangue yote, tusugue chumvi kwa brashi kavu, ukuta ukauke wiki kadhaa, ndipo tupake praima ya kushikisha rangi, halafu rangi yenyewe."

Mukagasana aliinuka. Kisha akanyoosha mkono.

"Basi nipe hicho kisu."

Alianzia karibu na dirisha. Rangi ilitoka kirahisi mno, na hicho ndicho kilichomuumiza kuliko vyote: jasho lote lile la mtu mgonjwa, wala halikuwa limeshika popote. Vipande vikamwangukia miguuni.

"Siku tatu," alisema bila kugeuka. "Alibakiwa na siku chache, nikamnyima tatu."

Usumani hakumwambia kwamba hakuwa na kosa. Alitoa kisu kingine mfukoni, akaanza kukwangua upande wa pili.