Taa ya Mgombani

Wiki ya Krismasi, Aika alipofika Kibosho na begi lake la vifaa, baba yake mdogo Wenseslaus alimpokea kwa tabasamu pana, kana kwamba si yeye aliyemfukuza yeye na mama yake kwenye kihamba kile, shamba la ukoo, kabla udongo wa kaburi la baba haujakauka. Alimwita yeye amfungie sola, kwa kuwa mafundi wa mjini hakuwaamini. Mtoto wa nyumbani, alisema, hawezi kumlaza mtu wake kwenye hatari.

Hapo ndipo alipokosea.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Tereza bado anauza vitunguu pale sokoni Pasua? Kiburi kilimponza mama yako. Angenyenyekea, mngekuwa mnakula ndizi zenu hapa."

Aika aliomba ngazi.

Akiwa juu ya paa akifunga paneli, alilitafuta kaburi la baba yake kwa macho. Masale yaliyolizunguka, mimea ambayo Mchaga haing'oi mpakani wala kaburini, hayakuwepo. Migomba michanga ilikuwa imesimama juu ya kifua cha marehemu. Wenseslaus alikuwa amemfuta kaka yake ili kihamba kisikumbuke mwenyewe mwingine.

Alishuka kwenye betri. Kutoka betri hadi inveta, kifaa kinachobadili umeme wa betri uwe wa nyumba, hupita waya mnene, na fyuzi hukaa karibu kabisa na ncha ya chanya. Bila fyuzi, hitilafu moja hugeuza waya kuwa kaa la moto, na dari ya mbao kavu inamalizia. Ukoo ukishapanda mlimani kwa sikukuu, kila mtu na pasi yake, moto haungechukua muda. Aliitia fyuzi mfukoni, akachagua waya mwembamba.

Kisha akayaona yatakayofuata. Majirani wanakimbia na ndoo. Wenseslaus ameketi juu ya godoro lililookolewa, analia, na jumuiya nzima inamchangia mabati. Na wajukuu watakaolala chini ya dari ile hawakung'oa sale la mtu. Hapana. Moto ungempatia huruma, na Aika hakutaka apate hata chembe.

Akaitoa fyuzi, akaifunga. Akavuta waya mnene, akakaza kila skrubu mpaka kiganja kikauma, akapigilia ardhini nondo ya ethi ya kumeza hitilafu za umeme. Hakuwahi kufunga sola kwa uangalifu namna ile. Chuki ilimtuliza mkono.

Wenseslaus alipouliza mtaro wa kuelekea mgombani ni wa nini, alijibiwa kuwa ni wa taa ya kuwafichua wezi wa ndizi. Alifurahi, akaenda zake kwenye sala za jumuiya. Aika akalaza waya ndani ya bomba, akaufukia. Akaing'oa migomba michanga, akapanda masale kuzunguka kaburi, akasimamisha nguzo ya taa.

Jioni ya mkesha, ukoo ukiwa uani na mbege, pombe ya ndizi, mkononi, Wenseslaus aliwasha swichi kuu kwa madaha. Nyumba ikang'aa. Kule mgombani mwanga mweupe ukaangukia tuta la udongo na masale yake, na vichwa vyote vikageukia huko.

"Si kaburi la Kastori lile?" aliuliza shangazi Zita, dada mkubwa wa Wenseslaus na marehemu. "Wewe ulituambia mvua ililisomba."

Wenseslaus alimsogelea Aika, akamnong'oneza aizime.

"Izime mwenyewe, baba mdogo," Aika alisema, kwa sauti ya kumfikia kila mtu. "Taa ile na nyumba yako vipo kwenye swichi moja. Ukimzima kaka yako, na wewe unakaa gizani."

Wenseslaus aliizima. Giza likashuka, wajukuu wakaanza kulia, na hakuna mtu mzima aliyewabembeleza.

"Washa," alisema shangazi Zita. "Na masale yale, safari hii ukiyagusa, utayagusa mbele yetu. Kesho twende Pasua tukamchukue Tereza."

Mkono wa Wenseslaus ulipapasa ukutani, ukaitafuta swichi. Aika hakumsaidia.