Jani la Kitabu cha Nyimbo

Asiya alipata shahada yake ya biolojia mwezi wa saba. Kwa kuwa kazi ilikuwa bado haijamwona, aliamua kuanzia nyumbani, uwani kwa bibi yake, mtaa wa Bwiza. Kuta zilipokuwa zikipakwa chokaa alipanga upya makopo yote thelathini na moja: mimea ya miiba huku, ya majani manono kule, mishubiri peke yake.

"Sasa hii ni bustani ya kisayansi!"

Bibi Khadidja, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alipapasa ukingo wa saruji upande wa ziwa, akasita.

"Asiya, Odette iko wapi?"

"Mama Odette si anakuja saa kumi?"

"Siulizi mutu. Naulizia mumea yake."

Hapo Asiya akayageukia makopo. Bibi hakuwahi kuuita mmea kwa jina lolote ila la aliyempa, na aliitambua kama watu, kwa viti vyao pale ukingoni. Waliotoka mtaa wa Kamenge walikaa kaskazini, waliotoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, walikaa upande wa ziwa. Sasa wote walikuwa wamechanganywa, na Odette, rafiki wa Bibi wa siku nyingi, alikuwa njiani. Mafuriko ya Uvira yalikuwa yameondoka na nyumba ya marehemu mama yake, bustani na vyote. Leo alikuwa anahamia Kamenge, na aliomba kitu kimoja tu: chipukizi la ule mmea wa mama yake, ambao yeye Odette alimpa Khadidja zamani.

Saa nane ilikuwa imepita. Kati ya mimea yote, saba Asiya hakuijua kabisa. Akaanza kuipiga picha ili simu imtajie. Katika picha ya tatu kiliingia kidole cha Bibi, na simu ikajibu bila aibu: mshubiri.

"Mi mushubiri?" Bibi akacheka hadi mtandio ukaanguka. "Ndiyo maana babu yako alikuwa anasema niko muchungu!"

Asiya hakucheka. Alichoma shina moja kwa sindano, likatoa maziwa. Jingine likatoa maji. Alijaza kurasa mbili za daftari kwa majina ya Kilatini. Hakuna hata moja lililosema nani alileta nini.

"Bibi, kosa ni langu. Nitamwambia mwenyewe."

"Apana, ngoja kwanza. We umeuliza telefone, umeuliza sindano. Mi bado hujaniuliza."

Asiya akakaa chini, karibu na magoti yake. "Haya, Bibi. Mama Odette alikuletea mmea wa namna gani?"

"Hakuleta mumea. Jani moja tu! Alivuka mupaka nayo ndani ya kitabu yake ya nyimbo, imelala kama barua. Ilikaa mule wiki mbili. Kufungua, imezaa watoto pembeni."

Asiya aliruka. Jani nene la mshubiri lingeoza kitabuni, na mimea ya miiba haina jani la kulaza. Kati ya ile saba, miwili tu ilikuwa na majani bapa. Wa kwanza, kingo zake zilikuwa laini. Wa pili, kwenye kopo la maziwa lenye kutu, zilikuwa na meno madogo, na chini yake jani lililoanguka lilikuwa limezungukwa na vichipukizi vyenye mizizi kama nywele.

"Bibi, nimemwona!"

"Hodi! Yaya Khadidja, dada yangu mukubwa, bado unachunga makopo?" Odette alikuwa mlangoni.

"Na we bado unaharibu nyimbo za kanisa?"

Asiya alikiri yote palepale, kopo likiwa kifuani. Odette alitoa kitabu chake cha nyimbo mkobani, akakifungua katikati. Ukurasa ulikuwa na doa la hudhurungi lenye umbo la jani, na meno yake yote. Akaliokota lile jani lenye watoto na kulilaza juu ya doa.

"Karibu, mama," akaliambia, akafuta macho huku anacheka.

Asiya alimwuliza Bibi hadithi ya kila kopo, na kabla jua halijazama yote yalikuwa yamerudi kwenye viti vyao, naye alikuwa akiandika vibao vya majina.

"Umeandika nini hapo?" Bibi akauliza.

"Odette, Uvira. Halafu Kalanchoe pinnata."

"Odette uandike kubwa. Huyo mwingine, ndogo."