Mlango wa Mwalimu Femke

Mimi nina hasira za karibu, najijua, na mume wangu Choijil hanisahaulishi. Basi siku ile Oyungerel alipoketi hemani kwangu, akala maandazi yangu, akanywa chai yangu, kisha akanitamkia kwamba mwalimu wangu mgeni, Femke, anataka kuhama, nilimpokonya bakuli mkononi. Chai ilikuwa bado imo.

"Ahamie wapi?"

"Kuna chumba kule shuleni, Dada Tsevelmaa. Wanamalizia kutengeneza jiko lake. Jumamosi ya wiki ijayo nakuja na gari kumchukua."

"Amelala njaa hapa?"

"Hapana."

"Tumemsema vibaya?"

"Hapana jamani! Anawapenda sana. Amelirudia hilo mara tatu."

"Sasa shida nini?"

Oyungerel ndiye msimamizi wa walimu wa kujitolea mkoani kwetu, mwanamke wa mjini, na viatu vyake vyembamba vya kukatisha tamaa. Alilitazama jiko kana kwamba litamsaidia kujibu. "Katika barua yake ya kuomba kuhama amesema hapati nafasi ya kuwa peke yake."

Nikamwangalia mama mkwe wangu, Bibi Khorloo. Naye akaniangalia. Hakuna aliyeelewa.

Hapa kwetu Mongolia mtu huachwa peke yake kwa sababu tatu: ana ugonjwa wa kuambukiza, amefanya jambo la aibu, au amekufa. Femke hakuwa na hata moja. Alikuja mwezi wa nane kutoka Uholanzi kufundisha Kiingereza shule ya hapa, binti wa miaka ishirini na sita, mrefu kiasi cha kugonga kichwa kila anapoingia mlangoni. Nilipomuona tu nikajiapia kwamba mtoto huyu hatasikia upweke hata dakika moja. Na nikalitimiza.

Asubuhi mjukuu wangu Anujin alimsindikiza darasani amemshika mkono. Mchana, akirudi na madaftari ya kusahihisha, Bibi Khorloo alikaa ubavuni pake na tasbihi yake, akimhadithia ukame wa mwaka fulani na ng'ombe mmoja mmoja aliyekufa. Akienda choo cha uani, Anujin alisimama nje akimwimbia asichoke kusubiri haja. Siku moja alisema anataka kutembea mlimani kidogo. Choijil akatandika farasi akamfuata nyuma, polepole, mpaka juu na mpaka chini. Na siku nilipomkuta amelala ameelekea ukuta, uso kaufunika na blanketi, sikuuliza kitu. Nilivua buti nikalala pembeni yake, nikamkumbatia mpaka chakula kikaiva.

Mkinicheka nichekeni. Mimi nina binti, Tungalag. Mwaka wa sita huu yuko Korea, anashona viti vya magari kiwandani, na Anujin aliniachia akiwa hajui hata kutembea. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Femke alikuwa analala kwenye kitanda cha Tungalag, upande wa mashariki, na mimi moyoni nilikuwa nimeshafanya mapatano yangu: ninavyomtunza huyu wa mwenzangu, ndivyo na wangu atakavyotunzwa huko aliko. Sasa huyu akiondoka kwa kutoridhika, na wangu je? Nani atamshika mkono? Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, wala si aibu ya majirani, ingawa na hiyo ilikuwepo.

Basi nikafanya ambacho angefanya mama yeyote mwenye akili. Niliongeza watu.

Siku tatu hema halikukauka wageni. Nilimwalika mke wa daktari wa mifugo na karata zake. Nilimwalika binamu yangu anayepiga filimbi. Bibi Khorloo nilimhamishia kitanda karibu na cha Femke, wagusane vichwa. Femke alitabasamu kwa kila mtu, akala nusu sahani, akazidi kunywea. Siku ya nne alitoka nje akakaa garini mwa Choijil, gari bovu lisilokwenda popote tangu mwaka jana, akajifungia milango.

Nilimfuata. Nilipiga kioo mpaka akafungua.

"Wewe mtoto, una nini? Niambie mimi mama yako. Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Nataka kukaa tu."

"Kaa ndani kwenye moto! Tuko wote!"

"Ndiyo hiyo, mama. Wote." Kimongolia chake kilikuwa bado kinachechemea, lakini hapo alijieleza vizuri kabisa. "Kwetu niliishi peke yangu miaka minne. Nyumba nzima."

"Maskini wee! Alikufa nani?"

"Hakufa mtu. Nilipenda."

Nilirudi ndani nikamsimulia Bibi Khorloo. Alizungusha tasbihi mara mbili nzima kabla ya kusema, "Na mama yake yuko hai? Anajua?"

Jioni hiyo Tungalag alipiga simu ya video kama kila Jumapili. Alikuwa amekaa kitandani kwake, nywele mbichi, anakula tambi. Nikamwaga yote: Oyungerel, chumba cha shuleni, gari bovu. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliweka tambi chini.

"Mama, mwaka wangu wa kwanza hapa tulilala wasichana saba chumba kimoja. Wazuri wote. Wananipa vyakula, wananisemesha kutwa, na mimi naelewa neno moja kati ya kumi. Kichwa kikawa kinaniuma kutwa. Unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa naenda chooni kiwandani, sina haja wala nini, nafunga mlango, nakaa dakika kumi. Basi. Natoka naweza kucheka tena na watu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema nirudi."

Kweli ningesema. Machozi yalinitoka hapo hapo na sikuyaficha, kwani nimficheje mtu niliyemzaa? Miaka sita mimi naomba asiachwe peke yake, naye alikuwa anatafuta choo chenye kitasa.

"Mpe mlango, mama," akasema. "Hatakuacha. Mpe tu mlango."

Kesho yake asubuhi nilimwambia Choijil atoe lile hema dogo tunalohamia nalo malishoni wakati wa kiangazi.

"Tsevel, mwezi wa kumi huu. Umerukwa?"

"Lizungushie sufu mara mbili. Mara tatu. Kaombe nyingine kwa kaka yako. Na bomba la jiko lipanguse."

"Ya nini?"

"Ya mwalimu."

Choijil si mtu wa maneno mengi, lakini alipokwenda alikuwa anapiga mluzi, jambo ambalo huwa halifanyi karibu na nyumba kwa kuogopa kuita upepo.

Tulilisimamisha hatua ishirini kutoka letu, mlango kuelekea kusini kama inavyotakiwa. Sasa mkijua mila zetu mnajua kilichofuata. Hapa hema jipya halisimamishwi uani mwa mtu ila mtoto anapoolewa au kuoa. Kabla paa halijafungwa kamba, majirani wameshajaa. Huyu na birika, yule na kitambaa cha buluu cha baraka, Mzee Damdin na chupa mbili kwapani na kofia ya sikukuu.

"Hongera, hongera! Bwana harusi yuko wapi tumwone?"

"Hakuna bwana harusi, mzee."

"Ametoroka?"

"Hakuwepo!"

"Basi mbona hema?"

"Mwalimu anataka kukaa peke yake."

Mzee Damdin aliivua kofia akamtazama Femke kwa huruma nyingi. "Mtoto mrefu hivi," akasema. "Usikate tamaa, mwanangu. Nina mpwa wangu, amefiwa na mke, ana farasi arobaini."

Femke alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Lakini nilipoingia na makaa kutoka jikoni kwangu kwenye koleo, maana moto wa nyumba mpya huwashwa kwa moto wa nyumba ya mama, alipiga magoti bila kuambiwa na mtu akashikilia mlango wa jiko. Moto ulishika mara moja. Nikanyunyiza maziwa ya baraka, nikajikaza nisilie mbele ya watu, nikamwambia, "Huu mlango ni wako. Ukiufunga hakuna atakayeingia. Hata mimi."

"Hata wewe, mama?"

"Usinijaribu, nimeshasema!"

Jamani, kusema ni rahisi. Siku zile zilizobaki nilizeeka. Ukimtolea mtoto hema lake, hata la hatua ishirini tu, nyumba yako inakuwa kubwa na ya kijinga. Kitanda cha Tungalag kilikuwa kitupu mara ya pili. Nilikuwa nasimama mlangoni nahesabu moshi: umetoka, haujatoka, umekuwa mwembamba. Bibi Khorloo akanisuta, "Unachunga hema sasa? Ng'ombe wako wanakusubiri."

Asubuhi ya tatu baridi ilikuwa ya kukata pua na moshi haukutoka kabisa. Moto umemzimikia, nikajua. Nikajaza ndoo ya samadi kavu, ndiyo kuni zetu, nikaenda nikasimama mbele ya mlango. Uliofungwa. Nimetoa neno langu. Nirudi nimwache mtoto agande? Ng'ombe mmoja alikuwa amesimama karibu anacheua, ndipo wazo likanijia.

"We ng'ombe!" nikapaza sauti. "Umesikia? Kuna mtu moto umemzimikia! Sisemi nani! Na samadi hii hapa nje, kavu kabisa, na mimi naondoka zangu!"

Kisha ndani nikasikia kicheko, kicheko cha tumbo ambacho sikuwahi kukisikia kwake tangu afike.

"Mwambie ng'ombe asante!"

"Anasema uanze na vipande vidogo, usishindilie!"

"Mwambie nimesikia!"

Nilirudi nyumbani nikamkuta Choijil ameinama kwa kucheka. Nilimrushia koleo, halikumpata.

Kuanzia siku hiyo kukawa na kawaida. Alirudi shule, akafunga mlango wake kama saa moja hivi, halafu yeye mwenyewe, bila kuitwa, akaja kwetu akala sahani mbili. Alianza kumuuliza Bibi Khorloo kuhusu wale ng'ombe wa ukame, kwa majina na rangi, kumbe alikuwa anasikiliza siku zote. Akamshinda Choijil karata, akamtania, akasema farasi wake anatembea kama mwalimu mkuu. Nikajiambia, Tsevelmaa, usijenge matumaini. Barua ilishaandikwa. Gari linakuja Jumamosi.

Sikumuuliza. Si kwamba sikutaka. Ulimi uliniwasha mchana kutwa. Lakini upendo wa kuombwa haunogi, na tayari nilikuwa nimeshamkaba mtoto wa watu miezi miwili. Ijumaa nilimshonea soksi za sufu za kwenda nazo, nene, maana chumba cha shuleni kina sakafu ya saruji. Jumamosi nikapika mandu, vifurushi vya unga vyenye nyama ya kondoo, mia moja na kitu, nikizifunga moja moja kwa hasira.

Oyungerel alifika saa nne na viatu vyake vilevile. Hakutaka chai yangu safari hii, alikumbuka. Alikwenda moja kwa moja hema dogo, akaingia, mlango ukafungwa. Ukafungwa muda mrefu. Mandu ziliiva, zikapoa. Choijil alitoka kuangalia hali ya hewa mara nne. Anujin alikaa chini ya meza na kukataa kutoka.

Mlango ukafunguliwa. Oyungerel akaja mbele, barua mkononi imechanwa vipande viwili.

"Haya, Dada Tsevelmaa," akasema, "mimi nimechoma mafuta ya kilomita tisini kwa ajili ya kuambiwa kwamba kile chumba apewe mwalimu wa hesabu. Huyu wako anakaa hapa mpaka shule zifungwe mwezi wa sita. Na anasema kama mnaweza, awe na kuni kidogo za asubuhi, samadi inamshinda kuwasha."

Femke alikuwa nyuma yake, ameinama mlangoni kwangu asigonge kichwa. "Kama mnanitaka, mama," akasema. "Sikukuuliza."

Nilitaka kusema neno zuri. Nilikuwa nalo. Badala yake uso uliniwaka moto, nikaona watu wote watano wananitazama na macho yao makubwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka hamsini na minne ya maisha yangu sikutaka kuonwa na mtu. Nilipita katikati yao nikatoka. Nilikwenda mpaka nyuma ya zizi, nikakaa kwenye nyasi kavu, nikalia kama ndama.

Choijil alinikuta. "Tsevel? Vipi?"

"Niache kidogo. Nataka kukaa peke yangu."

Alikuwa hajakimbia tangu avunjike mguu. Siku hiyo alikimbia. "Mama! Anujin! Njooni upesi, Tsevel anaumwa!"

Haikupita hata dakika. Bibi Khorloo na tasbihi, Anujin na blanketi, Oyungerel na bakuli la chai moto aliyoimimina mwenyewe, Mzee Damdin ambaye hata sijui alitokea wapi. Wote wakanizunguka, wakaketi, wakaanza kusema kwa pamoja. Femke alikuja wa mwisho. Alisimama akatuangalia, akaelewa kila kitu, nikaona midomo yake inacheza.

"Nyie," nikasema huku napangusa kamasi, "mwalimu, waambie. Wewe unajua. Waambie waniache."

"Najua, mama," akasema. Akakunja ile miguu yake mirefu, akajipenyeza kati yangu na Bibi Khorloo, akaketi.